Kitambulisho Kisichouliza Kabila

Kwa wakala wa Irembo, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, pale Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, shughuli haianzi bila namba ya kitambulisho. Ina tarakimu 16, na ukiisoma polepole inaeleza mengi. Ya kwanza ni 1 kwa raia wa Rwanda. Nne zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Ya sita ni 8 kwa mwanamume, 7 kwa mwanamke. Kisha saba za usajili, moja ya idadi ya mara ulizopewa kadi, na mbili za uhakiki. Kabila halimo. Vitambulisho vya enzi ya Wabelgiji vililiandika tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumuua mtu. Hapa hapa Rusizi, enzi hizo Cyangugu, Aprili ya mwaka huo, wakimbizi waliitwa kwa orodha katika uwanja wa Kamarampaka, wakachukuliwa, wakauawa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikaa wakaamua neno hilo liondoke.

Leo namba hiyo inasomwa na mashine, na wapo watakaosema mashine haina chuki, kwamba waliosimama vizuizini walikuwa binadamu. Ni kweli, na tangu 2015 Irembo imewaondolea wananchi safari na foleni nyingi. Lakini Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa MIT, alilitazama suala la mashine na maamuzi kwa kina zaidi. Alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyeondoka Ujerumani ya Hitler na familia yake mwaka 1936. Mwaka 1966 alitangaza ELIZA, programu iliyomrudishia mtu maneno yake yakiwa maswali, akashtuka kuona watu wakiifungulia moyo. Katibu wake, aliyejua fika kuwa ni programu, alimwomba atoke chumbani ili wazungumze faraghani. Mwaka 1976 akachapisha kitabu kizima akishikilia kwamba kukokotoa ni kazi ya kompyuta, kuchagua ni kazi ya mtu, na yapo mambo isiyopaswa kukabidhiwa hata ikiyaweza. Mashine haina chuki, sawa; haina pia uwezo wa kukataa. Mwaka 1994 wapo waliomficha jirani na kukana mbele ya wauaji walichokijua. Namba haikani.

Sasa Rwanda inaandaa kitambulisho cha kidijitali chenye alama za vidole na mboni za macho. Nani ataamua kisiulize nini, na mkulima wa mpunga wa Bugarama, Rusizi, atamfikia mtu huyo kwa mlango upi?