Taa ya Injini ni Mjumbe, na Mjumbe Hauawi

Katika barabara itokayo Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui, dereva aweza kusafiri mwendo mrefu asione gereji. Taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka mbele yake, moyo humwenda mbio. Wengine husimama palepale wakidhani gari limekwisha kuharibika. Wengine huendelea kana kwamba hawakuona. Tena wako wauzaji wasio waaminifu ambao huing'oa taa yenyewe ili mnunuzi asijue lolote. Wote hao wamekosea, kwa maana taa hiyo ni mjumbe tu, na wahenga walisema mjumbe hauawi.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mjumbe mwenyewe yu mzima. Mwenye gari azungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa haina budi kuwaka, na injini ikisha kunguruma, izimike baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa, basi imeungua au imekatwa makusudi, na anayetaka kulinunua gari hilo yampasa kuuliza sana kabla hajatoa fedha zake.

Ikiwa yawaka na haizimiki, itazamwe namna iwakavyo. Ikitulia, na gari laenda vizuri bila joto kuzidi, dereva aweza kwenda polepole hadi kwa fundi. Lakini ikiwaka na kuzimika upesi upesi, petroli yapita bila kuungua na kukiharibu kichujio cha moshi kilichomo katika ekzosi, kitu cha bei kubwa. Apunguze mwendo mara moja na kusimama mahali pa salama. Taa nyekundu ya oili ni habari nyingine: injini izimwe papo hapo.

Marekani iliagiza kwamba kuanzia mwaka 1996 magari mapya yawe na mpango mmoja wa kutambua hitilafu, na nchi za Ulaya zikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Ndiyo sababu chini ya usukani wa magari mengi ya siku hizi mna tundu ambamo fundi huchomeka chombo cha kuisomea kompyuta ya gari. Chombo huonyesha herufi na tarakimu. P0301, kwa mfano, maana yake silinda ya kwanza haichomi petroli sawasawa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Alama hiyo hutaja mahali penye malalamiko, haimtaji mkosaji. Ikiwa kila silinda ina koili yake, fundi mwenye busara hanunui kitu bado, bali hubadilishana koili ya kwanza na ya pili. Alama ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, huitazama plagi, kisha njia ya petroli. Vivyo hivyo P0171 husema kwamba hewa imeizidi petroli. Huenda hakuna kilichovunjika, ila vumbi la njia za Kitui na Makueni limepenya filta mbovu na kuganda juu ya sensa ya hewa, nayo yataka kusafishwa tu.

Kuifuta alama bila kutengeneza ni kumfukuza mjumbe mlangoni. Atarudi, na pengine atarudi siku ya kupeleka maembe kiwandani Kalamba, au usiku wa kumkimbiza mgonjwa hospitali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.