Handaki Lisilo na Paa

Jioni, reli inayokatiza mtaa wa Kibera, Nairobi, huwa soko na barabara kwa pamoja. Muuza omena ametandaza gunia lake hadi kwenye ncha za mataruma. Treni ya kwenda Kikuyu ikipiga honi upande wa Laini Saba, anakunja pembe moja ya gunia, anasukuma beseni kwa mguu, anangoja. Mabehewa yanampitia karibu kiasi cha kupeperusha leso yake.

Ndani ya handaki la reli, wahandisi huchonga vishubaka ukutani ili fundi akikutwa na treni apate pa kujibanza. Kibera nayo ni handaki, ila halina paa. Kuta zake ni mabati, na kishubaka ni mlango wa jirani, iwapo uko wazi.

Mabati hayo yanacheza na masikio pia. Honi inagonga upande huu na kurudi upande ule, na mgeni hajui treni inatokea mbele au nyuma. Zamani watu walitega sikio kwenye chuma chenyewe, maana humo sauti husafiri takriban kilomita 5 kwa sekunde, mara 15 hivi ya mwendo wake hewani. Lakini reli iliyofukiwa na takataka humeza mtetemo wake.

Dereva naye hana la kufanya haraka. Gurudumu la chuma juu ya chuma hushika vibaya, pengine theluthi tu ya tairi kwenye lami kavu. Treni yenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ikipunguza kasi kwa nusu mita kwa sekunde kila sekunde, husimama baada ya mita 70 hivi. Ikiwa na kilomita 60, inahitaji mita 280. Mwendo umeongezeka maradufu, umbali mara nne.

Mwaka 2004 Shirika la Reli la Kenya lilitaka watu wahame kutoka ukanda wa mita 30 kila upande wa njia. Hilo lingewagusa maelfu, hivyo likaja wazo la busara zaidi: maafisa walipelekwa Mumbai, India, kuona jinsi familia za kando ya reli zilivyohamishwa kwa mashauriano. Baadaye ukanda ukapunguzwa, na Benki ya Dunia ikagharimia makao mapya. Kati ya hapo, Januari 2008, vijana wenye hasira za matokeo ya uchaguzi mkuu waling'oa reli hapahapa, na mizigo ya Uganda ikakwama.

Katika kupunguza hatari hii, mimi ningeanza na kokoto zilizo chini ya mataruma. Mawe yenye ncha hushikana, hugawa uzito wa treni na kupitisha maji. Plastiki, majivu na matope yakiziba nafasi zake, maji hukaa na udongo hulainika. Njia ya zamani ina upana wa mita moja. Upande mmoja ukizama sentimita chache, behewa huinama zaidi kuliko ambavyo lingeinama kwenye reli mpya ya SGR yenye upana wa milimita 1,435. Desemba 2013 treni ya mizigo iliacha njia Kibera na kugonga nyumba.

Mvua ya Aprili ikinyesha, simama pembeni, mbali kidogo, uangalie taruma lililolegea. Gurudumu likilikanyaga, linadidimia, tope jeusi linaruka pembeni kama povu la chai, kisha taruma linainuka tena, likisubiri gurudumu la pili.