Wakili na Mali ya Nduguye

Madalali wa Kisomali wana desturi ya kale ya kushikana mikono chini ya kitambaa na kutajiana bei kwa vidole bila ya kutamka neno. Hivyo mpwa aliyeidhinishwa na mjomba wake mgonjwa kumuuzia ngamia katika soko la Garissa aweza kurudi nyumbani na bei ambayo hakuna aijuaye ila yeye na mnunuzi, na kwa sababu hiyo mipaka ya uwakala haina budi kuwekwa kabla ya ngamia kutoka zizini.

Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu mashuhuri cha madhehebu ya Shafi, amekwisha kutuwekea msingi: wakili aliyeambiwa auze, pasipo sharti jingine, haruhusiwi kuuza kwa mkopo, wala kwa hasara ya kupindukia, wala kujiuzia mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo livunjalo udugu, kwani mpwa hujiambia kwamba mjomba hawezi kumnyima. Huenda kweli asimnyime; basi na amwombe.

Wapo watakaonihoji kwa habari ya Urwa al-Bariqi, aliyepewa dinari moja na Mtume ili amnunulie kondoo, akanunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akaombewa baraka. Naam, lakini kondoo na dinari vyote viwili alimrejeshea mwenyewe.

Viwanja ni habari nyingine: jamaa aliye Minneapolis akitaka nduguye amuuzie kiwanja chenye hati miliki, Sheria ya Kenya ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hutaka hati ya uwakala iliyosajiliwa, nayo ni afadhali itaje kiwanja kipi, kwa kazi gani, na mpaka lini.

Lakini mtihani mkubwa hutoka kwa wazee wa ukoo wanapokusanya diya, yaani fidia ya damu, na fungu la mjomba mgonjwa likadaiwa kwa wakili aliyekabidhiwa fedha za dawa na malisho. Deni hilo ni la mgonjwa kweli, wala kijana hawezi kulikana; awezalo kusema kwa adabu ni hili, "Adeer (ami), mimi nimeruhusiwa dawa na malisho tu, mwenyewe yu hai, tumpigie simu aseme."

Kwa fiqhi, mgonjwa akifariki au akirukwa na akili, uwakala umekwisha saa ile ile. Mirathi, warithi wakiridhia, huamuliwa na kadhi kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010, na hata fedha zilizomo katika simu ya marehemu, ambayo wakili aijua namba yake ya siri, si zake tena kuzitoa. Gharama za maziko zitolewe warithi wakijua.