Kwa Nini Kupiga Simu Mtandao Mwingine Kulikuwa Ghali?



Kwa miaka mingi mkazi wa Kidahwe mwenye ndugu Ujiji, Kasulu na Dar es Salaam alilazimika kuwa na laini mbili au tatu. Hiyo haikuwa anasa. Kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu, kuvuka kwenda mwingine kulikuwa ghali. Aliyeumia zaidi ni mwenye laini moja tu. Katika toleo hili tunaeleza chanzo chake.

Ada ya maunganisho ni nini?

Mama wa Kidahwe anapompigia mwanawe aliye mtandao mwingine, mtandao wa mama huulipa mtandao wa mwana kwa kila dakika, kwa kazi ya kuifikisha simu. Hiyo ndiyo ada ya maunganisho, nayo huingia katika bei anayotozwa mpigaji.

Kwa nini iwe na msimamizi?

Kila mtandao ndio mlango pekee wa kuwafikia wateja wake. Bila msimamizi, kampuni kubwa ingeweza kuitoza ndogo ada ya kuiumiza, au kuifungia mlango kabisa. Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupanga viwango vya ada hiyo.

Hadi Februari 2013 ada ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Tarehe 1 Machi 2013 ilishushwa hadi shilingi 34.92, na kufikia 2017 ikawa 26.96. Januari 2018 ikawa shilingi 15.60, kisha ikapangiwa kushuka kila mwaka hadi shilingi 2 mwaka 2022.

Yaliyobaki

Ada ikishuka, bei ya mteja haishuki kwa kiasi kilekile, maana ndani yake zimo pia kodi na gharama nyingine za kampuni. Vilevile, maunganisho hayajengi mnara. Kijiji kisicho na mawimbi kinahitaji Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006.

Hivyo tunaziomba kamati za parokia zitenganishe malalamiko. Suala la makato lipelekwe kwanza kwa kampuni husika, na lisipotatuliwa, kwa TCRA. Kukosa mawimbi kupitishwe serikali ya kijiji. Nanyi wafadhili wetu, mnapoona gharama za simu katika bajeti ya zahanati, kumbukeni kuwa mgonjwa hachagui mtandao wa kupigia.