Arudi Uwanjani au Astaafu? Mjadala wa Mashabiki wa Miami na Somo la Mtikisiko wa Ubongo

Tarehe 12 Septemba 2024, katika uwanja wa Miami Gardens jimboni Florida, Tua Tagovailoa wa timu ya Miami Dolphins aliamua kukimbia na mpira yeye mwenyewe. Beki wa Buffalo Bills, Damar Hamlin, alimkabili, nao wakagongana huku kichwa cha Tagovailoa kikiwa kimetangulia. Alipoanguka, mkono wake ulikakamaa pasipo yeye kuuamuru. Mtazamaji wa kawaida aliona ajali ya mchezo. Daktari aliona ishara inayofahamika, kwamba ubongo umepata mshtuko mkubwa wa ghafla. Mashabiki nao walianza mjadala uliodumu zaidi ya wiki sita: je, kijana huyu wa miaka 26 arudi kucheza, au astaafu?

Katika futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake hubebwa na kurushwa kwa mikono, kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi. Karibu kila shambulio huanzia mikononi mwake, na timu isiyo na kwotabeki mzuri ni kama jahazi lisilo na nahodha. Ndiyo maana jeraha la mtu mmoja linaweza kuutikisa mji mzima. Hata hivyo, swali lililoulizwa Miami huulizwa pia katika zahanati na hospitali zetu kila siku, na dereva wa bodaboda, na fundi aliyeanguka kutoka jukwaani, na mzazi wa mwanafunzi aliyegongwa kichwa akicheza mpira: lini ni salama kurudi?

Historia ya majeraha yake

Mjadala wa mwaka 2024 ulikuwa na mizizi. Tarehe 25 Septemba 2022, Tagovailoa alisukumwa, kisogo kikagonga chini. Alipoinuka aliyumba, akakaribia kuanguka. Alichunguzwa, ikaelezwa kwamba kuyumba kule kulitokana na maumivu ya mgongo, akarudi kucheza kipindi cha pili. Siku nne baadaye, katika mchezo dhidi ya Cincinnati Bengals, aliangushwa tena kwa nguvu. Vidole vyake vilikakamaa mbele ya uso wake, akatolewa kwa machela na kupelekwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Cincinnati. Aliruhusiwa usiku uleule.

Tukio hilo lilibadili kanuni. Chama cha wachezaji kilimwondoa kazini mtaalamu huru aliyehusika katika uchunguzi wa kwanza. Tarehe 8 Oktoba 2022, ligi ya NFL na chama hicho walitangaza kwamba mchezaji yeyote mwenye ataksia, yaani kuyumba, kukosa uwiano wa viungo au kushindwa kutamka vizuri kwa sababu ya hitilafu ya mfumo wa fahamu, hatarudi uwanjani siku hiyo. Uchunguzi wao wa pamoja ulisema kwamba hatua za utaratibu zilifuatwa, lakini matokeo hayakuwa yale yaliyokusudiwa. Hilo ni somo kwa kila anayejaza fomu ya uchunguzi: visanduku vyote vinaweza kutiwa alama na mgonjwa bado asiwe salama.

Desemba ya mwaka huohuo alipata mtikisiko mwingine, akakosa michezo iliyobaki ya msimu. Baadaye alieleza kwamba yeye na familia yake walilitafakari suala la kustaafu. Aliamua kuendelea, akajifunza mbinu za jujitsu ili ajue kuanguka bila kisogo kugonga ardhi, na katika msimu wa 2023 alicheza michezo yote 17, akaongoza ligi nzima kwa jumla ya yadi za pasi: 4,624. Julai 2024 alisaini mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 212.4. Mwezi Septemba ulipofika, kila upande wa mjadala ulikuwa na ushahidi wake.

Sauti tatu za mashabiki

Sauti ya kwanza ilisema inatosha. Ilikuwa sauti ya watu waliowahi kuona wachezaji wastaafu wakipoteza kumbukumbu, wakiwemo wachezaji wa zamani wenyewe. Antonio Pierce, kocha wa Las Vegas Raiders wakati huo na mchezaji wa zamani, alisema hadharani kwamba angemshauri astaafu.

Sauti ya pili ilisema uamuzi ni wake. Ni mtu mzima, ana madaktari, ana mke na watoto, na kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Tagovailoa mwenyewe alikaribiana na sauti hii: aliporejea mazoezini alilinganisha hatari ya mchezo na ile anayoikubali mtu yeyote anayeendesha gari kwenda kazini, na kuhusu kuvaa kofia laini ya ziada juu ya helmeti alisema hataivaa, kwa kuwa ni hiari yake.

Sauti ya tatu haikupenda kujitaja, lakini ilisikika kila Dolphins walipofungwa. Timu ilicheza michezo minne bila yeye, ikapoteza mitatu. Shabiki aliyesema Jumatatu kwamba afya ni muhimu kuliko mpira, Jumapili jioni aliuliza: atarudi lini? Tusimcheke. Katika familia zetu pia, anayemhurumia mgonjwa siku ya kwanza ndiye anayemuuliza wiki ya pili kwa nini bado hajarudi kazini.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Mashabiki wengi walitumaini kwamba helmeti bora au picha safi ya ubongo ingemaliza ubishi. Lakini ubongo unaelea katika maji ndani ya fuvu. Kichwa kinaposimama au kuzungushwa ghafla, ubongo huendelea kusogea, na nyuzi zake huvutwa. Helmeti hulilinda fuvu lisipasuke. Haiwezi kuuzuia kabisa ubongo usisogee.

Mvutano huo huvuruga chumvichumvi ndani na nje ya seli. Ubongo huhitaji nishati nyingi ili urudishe uwiano huo, wakati ambapo mtiririko wa damu unaweza kuwa umepungua. Kwa siku au wiki kadhaa, mtu anaweza kuwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uzito wa kufikiri, kukereka na mwanga au kelele, hasira zisizo za kawaida na usingizi uliovurugika. Wengi hawapotezi fahamu kabisa. Picha ya CT-Scan kwa kawaida huwa safi, kwa kuwa kazi yake ni kuonesha damu iliyovuja au mfupa uliovunjika. Mgonjwa anayeambiwa kwamba picha haina tatizo hajaambiwa kwamba amepona.

Ubongo ukigongwa tena kabla haujapona, dalili huweza kuwa kali na kudumu zaidi. Kwa vijana, ingawa ni nadra, ubongo huweza kuvimba kwa kasi na kuua. Aliyewahi kupata mtikisiko mmoja pia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mwingine.

Nyuma ya hayo yote kuna hofu ya miaka ijayo. Mwaka 2002, Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akichunguza maiti mjini Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuteseka kwa miaka mingi. Alikuta mrundikano wa protini iitwayo tau, akachapisha matokeo yake mwaka 2005. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliripoti kwamba kati ya wachezaji 111 wa zamani wa NFL ambao ubongo wao ulichunguzwa, 110 walikuwa na ugonjwa huo.

Takwimu hiyo ilirudiwa sana katika mjadala wa Miami, na yafaa isomwe kwa uangalifu. Ubongo huo ulitolewa na familia, nyingi zikiwa zimeshaona dalili kwa wapendwa wao. Kwa hiyo haituambii ni wachezaji wangapi kati ya wote wataugua. Inatuambia kwamba ugonjwa upo na si hadithi. Nao huthibitishwa baada ya kifo tu, kwa hiyo hakuna daktari aliyeweza kumwambia Tagovailoa kwamba anao au hana.

Maswali mawili yaliyochanganywa

Hapa ndipo mjadala wa mashabiki ulipopotea njia, na ndipo sisi pia hupotea. Swali la “arudi?” ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja.

La kwanza ni hili: je, amepona jeraha hili? Hilo ni la kitabibu. Lina vipimo: dalili zimekwisha, kumbukumbu na umakini vimerudi katika kiwango chake cha awali, mwili unahimili mazoezi mazito bila dalili kuibuka upya. Daktari analijibu, wala si shabiki, kocha au mgonjwa mwenye hamu ya kurudi.

La pili ni hili: akiwa amepona, je, inafaa aikubali hatari ya kuumia tena? Hapa tabibu hana idadi ya kumpa. Hakuna hesabu iliyokubaliwa na wataalamu wote kwamba mitikisiko mitatu inaruhusiwa na wa nne ni marufuku. Anachoweza ni kueleza yanayojulikana na yasiyojulikana, kuangalia kama kila mtikisiko mpya unatokana na pigo dogo zaidi au unachelewa zaidi kupona, na kumsaidia mgonjwa kupima anachokithamini. Uamuzi huu ni wa mgonjwa, ilimradi awe na akili timamu, taarifa kamili na uhuru wa kweli.

Uhuru wa kweli ni mgumu kuupata. Dola milioni 212 zinaweza kumvuta mtu arudi mapema. Shilingi elfu kumi za siku zinaweza kumvuta vilevile. Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Dereva wa bodaboda mwenye watoto wanne na deni la pikipiki ana shinikizo lisilopungua la mchezaji yeyote, na wala hana daktari huru wa kumzuia.

Ngazi za kurudi

Tagovailoa aliwekwa katika orodha ya majeruhi, akapita katika hatua tano za NFL: shughuli nyepesi, mazoezi ya pumzi na moyo, mazoezi ya mchezo, mazoezi yasiyo na kugusana, kisha mazoezi kamili baada ya kibali cha daktari wa timu na cha mtaalamu huru wa mfumo wa fahamu. Alirudi uwanjani tarehe 27 Oktoba 2024 dhidi ya Arizona Cardinals. Timu yake ilifungwa 28 kwa 27.

Si lazima uwe na kliniki ya kifahari ili uufuate mpangilio huo. Makubaliano ya kimataifa yaliyotokana na mkutano wa Amsterdam wa mwaka 2022 yanashauri mapumziko ya kiasi kwa saa 24 hadi 48, kisha kutembea na kazi nyepesi. Kumfungia mgonjwa katika chumba chenye giza kwa wiki nzima hakushauriwi tena. Kila ngazi ichukue angalau saa 24. Dalili zikizidi kwa kiasi cha kuonekana, arudi ngazi ya chini. Michezo ya kugusana isubiri mpaka dalili ziishe kabisa na mhudumu wa afya atoe kibali. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili. Watoto wanaweza kuhitaji hadi mwezi, nao warudi darasani kikamilifu kabla ya kurudi uwanjani.

Kwa mhudumu wa afya

Aliyeshukiwa kupata mtikisiko asirudi kucheza siku hiyo. Muulize maswali mepesi: tuko wapi, tunacheza na nani, nani alifunga bao la mwisho? Mpe rufaa haraka mtu mzima mwenye alama pungufu ya 15 za kipimo cha Glasgow saa mbili baada ya kuumia, aliyetapika mara mbili au zaidi, mwenye degedege, udhaifu wa upande mmoja, mboni zisizolingana au maumivu ya kichwa yanayozidi, mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Katika soka, kanuni za mchezo tangu Julai 2024 zinayaruhusu mashindano kuwa na mabadiliko ya ziada ya mchezaji kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Daktari wa timu aulize kabla ya mashindano kama kanuni hiyo imepitishwa.

Kwa mgonjwa na familia

Ukishachunguzwa na kuruhusiwa, unaweza kulala, lakini asikose mtu wa kukuangalia usiku wa kwanza. Epuka pombe na dawa za usingizi. Usiendeshe pikipiki, gari wala mashine, wala usipande jukwaa la ujenzi, mpaka kizunguzungu kiishe na wepesi wa kuamua urudi. Omba barua ya kupumzika, si aibu. Usifiche dalili ili uruhusiwe mapema, kwani kipimo muhimu kuliko vyote katika jeraha hili ni ukweli wako mwenyewe.

Nanyi mnaomzunguka, ndugu, mwajiri, kocha au shabiki, punguzeni kuuliza “unarudi lini?” Ulizeni “leo unajisikiaje?” Swali la kwanza humfundisha mgonjwa kusema amepona. La pili humpa nafasi ya kusema bado.