Je, Wajua? Pembe ya Propela Ndiyo Siri ya Safari Tulivu

Je, wajua kwamba kuinua pikapu kuukuu ili ipande milima ya Kisii na Nyamira na shehena ya ndizi kunaweza kuharibu propela? Springi zikiongezwa, pembe kati ya giaboksi, propela na difu hubadilika. Krosi, yaani kiungo cha kila ncha ya propela, ikizunguka kwa pembe huharakisha na kupunguza mwendo mara 2 katika kila mzunguko. Krosi mbili zikiwa na pembe sawa, moja hufuta kosa la mwenzake. Zikitofautiana, gari hutetemeka na krosi huisha mapema. Kwa kawaida pembe ya kila krosi isizidi nyuzi 3 hivi, wala isiwe sifuri, maana beringi zake zahitaji kusogea. Dawa ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Fundi apime kwanza, ndipo afunge!