Mshauri Nasaha Anapoondoka

Wengi wanaopata tiba ya mazungumzo huona aibu kuhuzunika mtaalamu wao anapohamishwa, anapostaafu au mkataba wake unapokwisha. Hujiambia kwamba yule alikuwa kazini, si ndugu wala rafiki. Lakini huzuni hiyo ina sababu.

Daktari wa akili Mwingereza John Bowlby, aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyoshikamana na walezi wao, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba mtaalamu humpa mgonjwa egemeo salama la kumwezesha kuyatazama mambo yanayomtisha. Egemeo hilo likiondoka, usingizi unaweza kupotea, hasira ikapanda, na machungu ya kufiwa au kutelekezwa zamani yakaamka.

Mwaka 1979, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Bordin aliutaja ushirikiano wa mteja na mtaalamu kuwa una nguzo tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Mwaka 2018, Christoph Flückiger na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti 295 za watu zaidi ya 30,000. Waliona kwamba ushirikiano ukiwa imara, tiba nayo huelekea kuzaa matunda zaidi.

Hapo pana faraja. Kati ya nguzo hizo, mbili unaweza kuhama nazo. Lengo lako ni lako, na mbinu ulizojifunza za kutuliza hofu au kupanga siku unazo tayari. Kinachojengwa upya ni kuaminiana, na hilo huhitaji muda.

Kwa hiyo usikwepe kikao cha mwisho. Kitumie kupima kilichobadilika na kilichobaki, na kama una kinyongo, kiseme. Mwombe mtaalamu aandike muhtasari wa kumkabidhi mwenzake kwa idhini yako. Akiwa ameondoka ghafla, uandike mwenyewe, hata ukurasa mmoja.

Kwa mtaalamu mpya, sema mapema kwamba bado unamkumbuka wa kwanza; atajua aanzie wapi. Baada ya vikao vichache jiulize: tunajua tunakokwenda? Kazi tunazofanya zina maana kwangu? Naweza kumwambia ukweli? Jibu likiwa hapana, lizungumzeni kwanza. Lisiporekebishika, kutafuta mwingine si usaliti. Lakini anayetoa siri zako nje kiholela au kukutaka kimapenzi, ondoka kwake mara moja na umripoti.

Kama unatumia dawa, usiziache kwa sababu mshauri ameondoka. Zungumza na daktari. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, mwambie mtu wa karibu na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Hospitali na vituo vya ushauri nasaha navyo vina wajibu. Visimhamishe mtaalamu bila kuwapa wateja wake nafasi ya kuagana naye, kwani kuagana vizuri ni sehemu ya tiba yenyewe.